Mtumbwi wa Abasoda

Swali lililoninyima usingizi kuliko mitihani yote ya chuo lilikuwa hili: unamwambiaje babu yako kwamba mtumbwi wake, ule uliochukuliwa wakati wa vita, umeuona Gitega mbele ya duka, umejaa soda?

Nilitunga maneno ya kila namna. Nianze na habari njema, kwamba umeonekana, kisha mbaya, kwamba umepakwa rangi nyekundu na ndani yake kuna barafu. Au nianze na mbaya, ili njema ije kama dawa. Au nifike nyumbani, nikae siku kadhaa, nipalilie maharage, halafu niitaje habari hiyo jioni moja kama kitu kilichonipitia tu kichwani. Nilifikiria pia kunyamaza kabisa, na hapo ndipo nilipokuwa na hoja nzuri kuliko zote. Hoja za kutofanya jambo hunijia zimenyooka, zina utangulizi na hitimisho. Hoja za kulifanya huja zikihema, mojamoja, kama watu waliochelewa misa.

Katika familia nyingine hiki kingekuwa kichekesho cha kusimulia harusini. Kwetu lilikuwa suala la kama Babu atakufa akiwa amefungasha mizigo.

Kabla ya vita, Babu alikuwa mvuvi kwenye mto Ruvubu, upande wa Muyinga, kwetu Burundi. Alikuwa na mtumbwi mmoja aliouchonga mwenyewe kutoka kwenye gogo lililopinda, kwa hiyo mtumbwi nao ulipinda. Ukiupiga kasia kulia, ulikwenda kushoto. Ukiupiga kushoto, ulifikiri kidogo kisha ukaenda kushoto. Babu aliishi nao vizuri kwa kuvua upande huo tu wa mto, na samaki wa kulia walimjua kwa sura tu.

Vita vilipofika mtoni, wanajeshi waliokuwa pale walitaka kulinda maji, na hawakuwa na chombo. Wakachukua mitumbwi ya wavuvi. Wa Babu waliupenda kwa sababu ulikuwa mpana. Waliuongezea mbao mbavuni ili mawimbi yasiingie, wakaukata mkia wima ili wafunge mashine ya petroli, wakatoboa matundu manne puani kwa ajili ya bolti za kushikilia bunduki kubwa, wakapanga magunia ya mchanga, wakaupaka rangi ya kijani. Babu alisimama ukingoni akitazama chombo chake cha kuvulia kikigeuzwa manowari. Mkubwa wao, ambaye Babu husema alikuwa mtu wa adabu, alimgeukia akamwambia: “Mzee, tunauazima tu. Amani ikirudi, na mtumbwi utarudi.”

Siku ya kuujaribu, kijiji kizima kilikuja. Mashine ikawashwa. Manowari ikaenda kushoto. Mshika usukani akavuta kulia kwa nguvu zake zote, nayo ikaenda kushoto kwa kasi zaidi, maana sasa ilikuwa na petroli. Ikachora duara moja zuri sana, bunduki ikielekea kwanza ng'ambo, kisha kwenye matete, kisha kwa wanakijiji, kisha kwa yule mkubwa mwenyewe, halafu ikafika pale pale ilipotokea na kugota kwenye tope. Watu wote walinyamaza. Babu alicheka.

Bibi alimvuta shati hadi nyumbani. “Umecheka mbele ya watu wenye bunduki,” alimwambia. “Fungasha.”

Vita vile vilikuwa na sababu nyingine nyingi za kumkimbiza mtu, na nyingine hazisimuliki kwa kucheka. Lakini Babu, akiulizwa kwa nini alikwenda Tanzania, hujibu kwamba alikwenda kwa sababu ya kicheko.

Mimi nilizaliwa huko, kwenye kambi ya wakimbizi. Bibi tulimzika huko. Tuliporudi nilikuwa bado shule ya msingi, tukapata kiwanja Butihinda, mbali na mto lakini karibu na mpaka. Babu alikipenda kwa sababu moja. “Hapa,” alisema, “hata tukikimbia hatuchoki.”

Na hakuwa anatania. Kuta za nyumba alizijenga kwa udongo, lakini juu aliweka turubai la kambini, lile lile, kwa kuwa turubai hukunjwa. Shambani alipanda maharage peke yake, msimu kwa msimu. Mama yangu, ambaye ni binti yake, alimsihi apande migomba kama kila mtu kwenye kilima kile.

“Mgomba unataka mtu anayekaa,” Babu alijibu.

“Tumekaa, Baba. Amani imerudi.”

“Mtumbwi uko wapi?”

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa yakiishia. Karibu na mlango, kwenye msumari, kulining'inia mfuko wa bluu wenye shuka, sufuria ndogo, kikombe na sabuni. Watoto wa majirani walijua kwamba mfuko ule hauguswi. Wengine walitundika ukutani picha ya Bikira Maria. Sisi tulitundika safari.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo inaniaibisha mimi mwenyewe.

Mwaka ule tuliorudi, mgeni alimuuliza Babu kilichoupata mtumbwi, naye akajibu kwa Kirundi: “Ubwato bwanje bwatwawe n'abasoda.” Mtumbwi wangu ulichukuliwa na abasoda. Kirundi cha nyumbani nilikijua, lakini neno hilo sikuwahi kulisikia, kwa kuwa kambini wazee walikwepa kuwataja wanajeshi, na wakiwataja walisema askari, kama Watanzania. Nikafanya nifanyavyo siku zote: badala ya kuuliza, nilifikiri. Aba- ni watu. Soda ni soda. Kwa hiyo abasoda ni watu wa soda. Mtumbwi wa babu yangu umechukuliwa na wafanyabiashara wa vinywaji, labda ili kuvushia makreti.

Ilipangika vizuri kiasi kwamba sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Nikaanza kugoma kunywa soda. Kwenye ubatizo, kwenye komunyo, kwenye harusi za kilima chote cha Butihinda, watoto wenzangu wakikumbatia chupa zao kama ndugu, mimi nilisema hapana asante na kuomba maji. Mama alidhani nina minyoo. Padri alinisifu mbele ya watu kwa kujinyima, nami sikumkosoa, kwa sababu niliona kwamba kwa namna fulani alikuwa amenielewa.

Nilijinyima hivyo mpaka sekondari, pale Muyinga mjini. Siku moja mwalimu wa historia alituuliza kila mmoja vita vilichukua nini nyumbani kwake. Wenzangu walisema mambo mazito. Ikafika zamu yangu. Nikasimama, kwa uchungu wa kweli, nikasema kwa Kifaransa safi kwamba babu yangu aliporwa mtumbwi na wauza limonadi.

Mwalimu alivua miwani. “Na nani?”

“Abasoda, mwalimu.”

Kicheko kilianzia dawati la nyuma na kikazunguka kama ile manowari, hadi kikanirudia mimi. Tangu siku hiyo mpaka nilipomaliza sekondari niliitwa Limonadi. Hata mlinzi wa lango alikuwa akiniuliza, “Limonadi, leo uko baridi?”

Mtu mwenye afya ya akili angecheka akasahau. Mimi nilijiunga na chuo huko Gitega, nikachukua historia, na mada yangu ya kumalizia masomo ikawa vyombo vidogo vya uvuvi vilivyogeuzwa vya kijeshi. Nilitaka kulijua jambo lile mpaka mtu yeyote asinicheke tena. Nikasoma jinsi mashua za kukokotea nyavu zilivyofungwa bunduki puani kwenye bahari za mbali, jinsi wavuvi walivyotumwa kutafuta mabomu majini kwa kamba walizozoea kuvulia, jinsi ukiweka chuma kizito upande mmoja lazima uweke mchanga upande mwingine. Nikaandika sura nzima kuhusu uwiano wa uzito. Siku ya kutetea kazi, mmoja wa walimu aliniuliza swali moja tu.

“Mademoiselle, umewahi kupanda mtumbwi?”

“Hapana.”

“Unajua kuogelea?”

“Hapana.”

“Voilà,” alisema akiwageukia wenzake, nao wakanipa alama nzuri kwa ujasiri.

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Nilikaa Gitega kwa binamu yangu, nikipeleka barua za kuomba kazi na kuziwazia njia nzima nikirudi: je, niliandika “natumaini” mara nyingi mno? Katika kutembea huko ndipo nilipopita mtaa wa Waswahili, ambapo familia za Kiislamu zina maduka ya vitambaa, ya baiskeli na ya kushona, nikauona.

Ulikuwa mbele ya duka la vinywaji, chini ya kivuli cha mabati, umewekwa juu ya matofali. Mwekundu. Ndani yake maji, vipande vya barafu, na shingo za chupa zikitokeza kama watu wanaooga. Ningepita. Lakini ulikuwa umepinda. Ukiutazama kwa mbele, ulikuwa kama mtu anayeinama kusikiliza umbea wa jirani wa kushoto.

Nikasimama. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka mahali, na chini yake palikuwa kijani. Mbavu zilikuwa na mbao za kuongezea. Mkia ulikatwa wima na kuzibwa kwa saruji. Puani kulikuwa na matundu manne, yamezibwa kwa vizibo vya soda vilivyogongwa kwa nyundo.

“Mademoiselle, unanunua ao unaangalia?” Mwenye duka alikuwa mama mnene wa makamo, mtandio begani, anapanga chupa bila kuziangalia.

“Naangalia tu, mama.”

“Kuangalia iko bure. Mais kivuli iko ya wateja.”

Nikanunua soda. Ya kwanza tangu utoto, kwani hata baada ya ile aibu ya darasani sikuigusa. Ilinipanda puani nikakohoa hadi machozi yakanitoka, na yule mama akanipiga mgongoni kwa kiganja kilichozoea kreti.

“Weye, hata soda hawakukufundisha huko chuo?”

“Mama, huu mtumbwi umetoka wapi?”

“Bwana yangu, Mungu amurehemu, alinunua kwa basoda.”

Mimi, wa kwanza duniani kustahili kulielewa neno hilo, nikauliza: “Kwa wauza soda?”

“Basoda, basoda! Wenye bunduki. Kambi ilikuwa inauzisha vitu vya zamani. Mi nilimutuma frigo ya kupoza soda. Frigo! Akarudi na hii juu ya camion ya mizigo, anacheka peke yake. Nikamuambia, weye mwanaume, Gitega iko na ziwa gani? Bon. Nikatia barafu. Leo watu wote wanasema, twende kwa Mtumbwi. Ndiyo enseigne yangu, sina haja ya kibao.”

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Nilihitaji uhakika, na uhakika ulikuwa chini ya kivuli, na kivuli kilikuwa cha wateja, kwa hiyo nilikunywa. Miaka ya mgomo wangu ililipwa yote kwa muda mfupi. Nilijipinda kuangalia chini ya chombo, nilipima mbavu kwa viganja, nilipiga picha kwa simu kisha nikazifuta kwa kuogopa kwamba ningezituma. Nilijipinga mwenyewe: mitumbwi mingi ilichukuliwa, hata mimi nilikuwa nimeandika hivyo, miti iliyopinda haina upungufu Burundi, na chombo kikiwa juu ya matofali hakiendi kushoto wala kulia, kwa hiyo ushahidi mkuu haupimiki. Siku moja yule mama alinifuata na kuketi mbele yangu.

“Sema ukweli. Kama uko wa taxe, wa kodi, sema, tumalizane.”

“Hapana mama, mimi sina kazi.”

“Wallahi afadhali ungekuwa wa taxe,” alisema, akaondoka na chupa yangu tupu.

Kilichonitikisa ni simu ya mama yangu. Majirani walikuwa wamechanga vigae vya kuezekea nyumba ya Babu, maana turubai lilishachakaa na mvua ilikuwa inamwagika juu ya kitanda chake. Babu aliwashukuru sana, kisha akavigawa vyote kwa mjane wa bondeni. “Amesema amani ikija atatafuta vingine,” mama alisema. “Analala ameketi, mwanangu. Kona moja tu ndiyo kavu.”

Nikasafiri kesho yake, maneno yangu nikiwa nimeyapanga kwa utaratibu niliouchagua baada ya kuukataa mara nyingi: salamu, habari za kazi, dhana kwamba kuna chombo fulani mahali fulani, tahadhari, picha. Nilifika Butihinda nikamkuta Babu mlangoni anachambua maharage. Aliinua uso akatabasamu. Na mimi, mwenye shahada, nikafungua kinywa nikasema:

“Babu, mtumbwi una soda.”

Ungo ulianguka. Kabla sijapumua alikuwa ameshasimama, ameshaushusha mfuko wa bluu kwenye msumari. “Una abasoda? Wako wapi? Wamefika Muyinga?”

“Hapana, Babu...”

“Mwite mama yako. Usikimbie, tembea upesi. Chukua jembe.”

“Soda, Babu! Soda! Za kunywa! Chupa!”

Alisimama katikati ya maharage yaliyomwagika, mfuko kifuani, akinitazama kama anayetafuta ni upande gani wa kichwa changu umeharibika. Nilimtolea simu. Kabla ya kuondoka Gitega nilikuwa nimepiga picha moja nikajizuia kuifuta. Aliishika kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akaigeuza.

“Unaelekea wapi?” aliuliza.

“Kushoto.”

Babu alinirudishia simu. Alivaa koti lake la misa. Mfuko wa bluu hakuurudisha msumarini, na mama yangu alipouliza kwa nini auchukue, alijibu kwamba si ndio wa safari.

Gitega tuliingia asubuhi ya siku iliyofuata. Nilitembea nyuma yake nikiwaza: akilia nitafanya nini? Akigombana na yule mama? Akisema si wenyewe, nitakuwa nimewashtua watu wa kilima kizima kwa ajili ya gogo? Babu alisimama mbele ya mtumbwi. Hakulia. Alipitisha mkono chini ya ubavu, mahali ambapo mimi sikuwahi kufikiria kugusa, akausugua kama unavyomsugua ng'ombe, akasema: “Wamekunenepesha.”

“Muzee, karibu,” yule mama alisema. “Unakunywa nini?”

“Mama, huu mtumbwi ni wangu.”

Mwenye duka alinitazama mimi. Nilitazama barafu.

“Ah, ndiyo maana,” alisema. “Huyu mutoto alikuwa anakunywa kama ngamia, nikasema iko kitu. Muzee, pole. Mais mi sikuchukua. Bwana yangu alinunua.”

“Najua. Simlaumu mtu. Wao waliazima. Walisema amani ikirudi utarudi.”

“Sasa umeuona. Amani imerudi. Kunywa soda.”

“Haujarudi,” Babu alisema kwa upole. “Mimi ndiye nimekuja. Kurudi ni kufika nyumbani.”

Niliona jambo zima likielekea nilikoogopa, na nikaanza kueleza, kwa Kiswahili cha Tanzania kilichojaa “kwa upande mmoja” na “kwa upande mwingine”, juu ya haki ya mwenye chombo cha kiraia na ya mnunuzi mwenye nia njema. Wote wawili walinisubiri nimalize, kama watu wanaosubiri lori lipite ndipo waendelee kuongea.

“Unavuja,” Babu alisema, akionyesha tope chini ya matofali.

“Muzee, usiniambie! Kila asubuhi nadeki. Ile saruji ya nyuma haishiki. Na vizibo mbele, pia.”

“Nikikuchongea mwingine? Ulionyooka, mzima, bila tundu. Kuna mkuyu umeanguka kwetu, kwa mjane mmoja niliyempa vigae, hawezi kuninyima. Nitakuchongea umuvure.”

Mama alijivuta nyuma. Umuvure ni hori la mti wanalokamulia ndizi za pombe. “La pombe? Astaghfirullah, muzee, mbele ya duka yangu?”

“Jipya, mama. Halijawahi hata kunusa ndizi. Litakunywa soda tu.”

Mama alicheka, na nikaona ameanza kulipima hori hilo kwa macho hapo palipokuwa na mtumbwi. Akauliza litachukua muda gani. Babu alisema gogo likichongwa haraka hupasuka. Lazima likae kivulini mvua zipite, kisha tezo, kisha likae tena. Alikuwa akihesabu misimu kwa vidole, yeye ambaye kwa miaka hakuwahi kupanga jambo linalozidi maharage. Sidhani alijisikia. Mimi nilimsikia.

“Bon,” mama alisema. “Leta hori, chukua mtumbwi.”

“Nauchukua sasa. Lori lililotuleta linarudi Muyinga tupu, nimeongea na dereva.”

“Sasa? Na mi nibaki na nini? Na maneno?” Alisimama, mikono kiunoni. “Muzee, wewe mwenyewe ulipewa maneno. Utarudi, utarudi. Uliyakula? Mi nataka kitu cha kushika.”

Babu aliitazama mikono yake. Hakuwa na kitu cha kushikwa. Mkononi alikuwa na mfuko wake tu, na ndani ya mfuko sufuria. Alianza kulegea mabega, kidogo, na nilijua kitakachofuata: atamshukuru yule mama sana, tutarudi Butihinda, ataupachika mfuko msumarini, na yale aliyoyahesabu kwa vidole yataishia kwenye vidole.

Ningetaka kusema kwamba nilitafakari. Nilikuwa na barua za kazi zinazosubiri majibu, nilikuwa na shahada, nilikuwa na hoja za upande mmoja na za upande mwingine, na zote zilikuwa njiani zinakuja, zimenyooka vizuri. Sikuzisubiri.

“Nibaki mimi,” nilisema.

“Ubaki ufanye nini?” waliuliza wote wawili.

“Niuze. Nitauzia kwenye mabeseni mpaka hori lifike. Nitaosha chupa, nitabeba barafu. Asipoleta, mama, unanishika mimi.”

Mama alinizunguka na kunitazama kama nilivyoutazama mtumbwi, mbavu na mkia. “Na licence yako ya chuo?”

“Itakaa humo humo kichwani.”

“Ukianza kueleza wateja mambo, nakufukuza.”

“Sawa, mama.”

Tulizitoa chupa zote, tukazihamishia kwenye mabeseni. Maji yalipomwagwa barabarani, yalikimbilia kushoto, lakini kusema kweli barabara yenyewe imeinama upande huo. Wanaume wa mtaa waliubeba mpaka kwenye lori. Babu aliwapa maelekezo kwa sauti ambayo sikuijua, ya mtu mwenye chombo. Alipanda nyuma akaketi ndani ya mtumbwi wake, juu ya kibao cha kukalia cha katikati, koti la misa limelowa matakoni, akataka dereva aondoke. Kisha akamgongea asimame.

“Una nguo za kubadilisha?” aliniuliza kutoka juu.

“Ziko kwa binamu.”

“Kikombe?”

“Sina, Babu.”

Akanirushia mfuko wa bluu. Niliudaka kwa mikono miwili, sufuria ikalia ndani. “Shuka lipo, sabuni ipo,” alisema. “Mimi nakwenda nyumbani, sihitaji.”

Lori likaondoka. Nilitaka kusimama pale nifikirie maana ya hayo yote, na nafikiri nilikuwa nimeshafungua aya ya kwanza, wakati mteja mmoja alipogonga sarafu kwenye kreti na yule mama akapaza sauti kutoka ndani:

“Ehe, musoda wangu! Mutu anangoja!”

Nikautundika mfuko kwenye msumari wa mlango, nikafunga kitenge kiunoni, nikaingiza mkono kwenye barafu.